Simu Inayopigwa na Kituo: Kumfuatilia Mama Mzazi Baada ya Kutoka Materinite

Katika vituo vingi vya afya hapa Bukavu, daftari la materinite lina safu ya saa ya kujifungua, ya uzito na jinsia ya mtoto, ya namna mama alivyojifungua, na ya siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya safu hiyo ya mwisho hakuna nyingine. Mimi ni mkunga katika kituo kimoja cha Kadutu, na katika miaka ambayo nimekuwa nikilijaza daftari hilo nimefikia kuamini kwamba safu inayokosekana ndiyo yenye uzito kuliko zote: ile ambayo ingetuambia mama huyo alikuwaje siku ya tatu, alikuwaje siku ya kumi, na alikuwaje wiki ya sita. Ninaandika hapa kueleza kwa nini ninadhani simu ya kawaida, hata ile ndogo ya vitufe, inaweza kuijaza safu hiyo, mradi kituo ndicho kipige na mama asisubiriwe apige yeye.

Watu wa nje wakisikia habari za vifo vya wazazi nchini Kongo hudhani kwamba wanawake wetu hujifungulia porini. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto wapatao asilimia 80 walizaliwa katika kituo cha afya au hospitali. Uchunguzi huohuo ulikadiria vifo 846 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Makadirio ya kimataifa yaliyofuata yalikuwa ya chini zaidi, 547 kwa mwaka 2020, lakini hata idadi hiyo ni kubwa mno. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo moja lililo wazi kwa kila mkunga: kumfikisha mama materinite hakutoshi. Sehemu ya tatizo imo ndani ya kuta zetu, katika dawa zinazokosekana, damu isiyopatikana na wahudumu wachache, na hilo halitatuliwi kwa simu. Sehemu nyingine iko nje ya mlango, katika siku ambazo mama yuko nyumbani na hakuna anayemwangalia.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida abaki katika kituo kwa muda usiopungua saa 24, kisha aonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ratiba hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Kwetu, mama aliyejifungua alfajiri huanza kuuliza ruhusa ya kurudi nyumbani kabla jua halijatua, kwa sababu ameacha watoto wengine kwa jirani, kwa sababu kila usiku anaokaa unaongeza hesabu ya malipo, na wakati mwingine kwa sababu kitanda chake kinasubiriwa na mwingine ambaye uchungu umemzidi. Akishafika nyumbani, kumwambia arudi siku ya tatu ni kumwambia ateremke mlima wa Cimpunda au wa Cahi kwa miguu, katika msimu wa mvua ambapo njia zimegeuka utelezi, akiwa na mtoto mgongoni na mshono ambao haujakauka, au apande pikipiki inayoruka mashimo, alipe kwenda na kurudi, ili aulizwe kama anajisikia vizuri. Wengi huamua kwamba wanajisikia vizuri. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, fedha za taslimu zimekuwa adimu na watu wanaogopa kutoka giza linapoingia, kwa hiyo safari hiyo imezidi kuwa ndefu bila umbali wake kubadilika.

Neno tiba-mtandao, yaani huduma ya afya inayotolewa kwa mbali, huwafanya wengi wafikirie kioo kikubwa, daktari bingwa aliyeko Kinshasa au Ulaya, na mashine iliyoletwa na mradi ambao utafungwa baada ya miaka miwili. Sina ugomvi na mashine. Hata hivyo, ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka mahali penye mashine nyingi, na kilicholeta mafanikio huko ni kitu chepesi sana. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia nchini Marekani, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 206 ambao walikuwa na presha ya ujauzito. Nusu yao waliambiwa warudi kliniki kupimwa baada ya kujifungua, kama ilivyokuwa desturi. Nusu nyingine walipewa kipimo cha presha waende nacho nyumbani, kisha wakawa wanapata ujumbe mfupi wa simu ukiwakumbusha wapime na kutuma matokeo. Katika siku kumi za kwanza, presha ilijulikana kwa asilimia 92 ya waliotumiwa ujumbe, na kwa asilimia 44 tu ya walioambiwa warudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Uchambuzi uliofuata ulionyesha jambo lililonigusa zaidi: miongoni mwa wanawake Weusi, waliofika kliniki walikuwa kama theluthi moja, lakini kwa ujumbe wa simu walijibu zaidi ya asilimia 90, sawasawa na wenzao. Wanawake wale hawakuwa wazembe wala wajinga wa afya zao; safari ndiyo iliyokuwa inawashinda, katika mji wenye mabasi na treni.

Karibu zaidi na sisi kuna Zanzibar, ambako mradi ulioitwa Wired Mothers uliwatumia wajawazito ujumbe na kuwapa vocha za kumpigia mkunga wao. Huko, wanawake waliohudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44 katika vituo vyenye mradi, na asilimia 31 katika vituo visivyokuwa nao. Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health huwatumia wajawazito na wazazi ujumbe wa bure kwa Kiswahili na Kiingereza, na mama anaweza kuuliza swali akajibiwa, na swali lenye dalili ya hatari likapelekwa mbele haraka kuliko la kawaida. Ninaitaja mifano hii kwa ufupi kwa sababu wasomaji wangu wengi ni wauguzi ambao wamechoka kuambiwa habari za nchi nyingine. Wanachotaka kujua ni nini kinaweza kufanyika Jumatatu, katika kituo chenye wakunga wawili na simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Kwa maoni yangu kinachoweza kufanyika ni mazungumzo ya sauti. Ujumbe wa maandishi unamhitaji mama anayesoma, na unaleta jibu moja tu: «niko sawa». Sauti hueleza zaidi. Mkunga aliyezoea kazi husikia pumzi fupi, husikia mama anayejibu polepole kuliko alivyokuwa akijibu wodini, na husikia mtoto analia nyuma yake kilio cha namna gani. Lakini sauti inahitaji kuulizwa vizuri, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ukimuuliza mama wa Bukavu, «Unatoka damu nyingi?», atakujibu kwamba ni ya kawaida, kwa maana hajui nyingi ni ipi, na mama mkwe aliyeketi kando yake amekwisha kumwambia kwamba damu ya uzazi lazima itoke. Muulize hivi: «Tangu asubuhi umebadilisha kitambaa mara ngapi? Kilikuwa kimelowa chote? Kuna mabonge? Makubwa kama nini?» Kitambaa kinacholowa chote ndani ya saa moja au mbili ni sababu ya kumwita mara moja, bila kusubiri swali la pili. Vivyo hivyo, usiulize kama ana homa. Uliza kama usiku alitetemeka hata akaomba blanketi la pili, kama tumbo la chini linamuuma linapoguswa, na kama majimaji yanayotoka yana harufu iliyowafanya wengine nyumbani waseme kitu. Usiulize kama kichwa kinauma, maana mama aliyeamshwa na mtoto mara nne usiku hawezi kukosa maumivu ya kichwa. Uliza kama maumivu hayo yanakataa hata baada ya kumeza paracetamol, kama anaona vimulimuli au ukungu machoni, kama anahisi maumivu chini ya mbavu za kulia. Muombe abonyeze mguu mmoja wa chini kisha wa pili, akuambie kama mmoja umevimba na kuuma kuliko mwenzake. Kuhusu mtoto, usitosheke na «ananyonya». Muulize amenyonya saa ngapi kwa mara ya mwisho na amelowesha nepi mara ngapi tangu jana.

Maswali haya yote hayazidi dakika saba au nane kwa mama asiye na tatizo. Kwa mama mwenye tatizo simu itakuwa fupi zaidi, kwa sababu utaikata ili upige nyingine.

Kuna jambo moja ambalo simu haiwezi kulisikia, nalo ni presha. Baada ya kujifungua, presha mara nyingi hupanda na kufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, yaani wakati ambapo mama amekwisha kuondoka kwetu. Kifafa cha uzazi kinaweza kumpata mama baada ya mtoto kuzaliwa, hata yule ambaye presha yake ilikuwa nzuri katika ujauzito wote, na nimewasikia jamaa wengi wakieleza degedege hilo kuwa limetokana na mambo mengine kabisa. Ndiyo maana ninasisitiza simu ya siku ya tatu iambatane na kipimo. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao kwetu huitwa RECO, wanaishi katika mitaa hiyohiyo na wanajua mlango wa kila mzazi. Watafiti wa King's College London walishirikiana na kampuni ya Microlife kutengeneza kipimo cha presha kinachojulikana kwa jina la CRADLE, chenye taa za kijani, njano na nyekundu, kinachochajiwa kwa waya wa simu na kilichokusudiwa kutumiwa hata na mtu asiye muuguzi. RECO akifika nyumbani na kifaa cha namna hiyo, anaweza kumsomea mkunga namba na rangi kwa simu. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hakuna mazungumzo tena, mama anakuja.

Lazima niwe mwaminifu kuhusu kifaa hicho. Jaribio kubwa lililofanywa katika sehemu kumi za Afrika, India na Haiti, na kuchapishwa mwaka 2019, halikuthibitisha kwamba kukigawa peke yake kunapunguza vifo na madhara makubwa kwa wazazi. Hilo halinishangazi. Taa nyekundu inamsaidia mama pale tu ambapo kuna mtu wa kuiitikia, kuna sulfati ya magnesia, dawa ya kuzuia degedege, kabatini, na kuna njia ya kumfikisha hospitali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu matumizi ya teknolojia ya kidijitali katika afya, lilikubali huduma ya mbali kwa sharti kwamba iongezee ile ya ana kwa ana na isichukue nafasi yake. Ningependa sharti hilo libandikwe kwenye mlango wa kila mkurugenzi. Hofu yangu kubwa ni kwamba kituo kikishapata simu kitaanza kumtoa mama baada ya saa sita, kikisema, «tutampigia».

Mama wengi hawana simu yao. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya mume, au ya shemeji, au ya jirani mwenye betri ya jua, kwa kuwa umeme wa SNEL huja unapotaka. Wengine wamebeba laini ya Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, ambayo hushika vizuri zaidi mtaani kwao. Hivyo siku ya kuondoka ni lazima kuandika namba mbili, kuandika ni za nani, na kuuliza ni saa ngapi mwenye simu huwa nyumbani. Kwa uzoefu wangu jioni ni bora kuliko asubuhi, kwani mume akienda kazini simu huenda naye. Na kama mume ndiye anayepokea, usimtumie kama mkalimani. Msalimu kwa heshima, mwambie wewe ni mkunga wa kituo, umwombe ampe mama simu, kisha anza na maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana, ili mama aweze kukujibu hata kama chumba kimejaa watu.

Hili lina uzito wa pekee tunapofika kwenye huzuni. Kuna maswali kumi yanayoitwa kipimo cha Edinburgh, yaliyochapishwa mwaka 1987, ambayo hutumiwa duniani kote kutambua mama mwenye huzuni kubwa baada ya kujifungua. La mwisho linahusu wazo la kujidhuru. Yanaweza kuulizwa kwa simu. Baadhi ya wenzangu wanapinga, wakisema huwezi kuuliza jambo kama hilo bila kumtazama mtu usoni. Mimi naona kinyume chake kwa wanawake fulani. Katika Kivu yetu kuna watoto waliozaliwa kwa ubakaji, kuna mama waliokimbia vijiji vyao mara mbili wakiwa wajawazito, na kuna wale ambao katika kituo, mbele ya benchi lililojaa majirani, hawatasema lolote. Sauti isiyo na macho huwapa nafasi. Ila asiulize swali la kumi yule ambaye hana pa kumpeleka anayejibu ndiyo. Hapa Bukavu tuna bahati kwamba Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejenga kwa miaka mingi ujuzi wa kuwasikiliza wanawake wa namna hiyo. Katika maeneo mengi ya jimbo hakuna kitu kama hicho.

Sasa niseme kuhusu deni, jambo ambalo sijaona likitajwa katika miongozo. Serikali ilizindua mpango wa kujifungua bure mjini Kinshasa mwaka 2023 na kutangaza kuupanua kwa hatua, lakini katika vituo vingi vya nchi mama bado hujikuta na hesabu ya kulipa, na kila mtu anajua habari za wanawake waliozuiliwa hospitalini hadi ndugu wakusanye fedha. Mama aliyeondoka na deni haipokei simu ya kituo. Akiona namba ile anajua inachotafuta. Kwa sababu hiyo, namba ya ufuatiliaji isiwe ile ya kaunta ya malipo, na sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe ya kumtuliza: «Mama, ni mkunga aliyekuwa pamoja nawe usiku ule. Sikupigii kwa ajili ya deni. Nataka kusikia habari yako na ya mtoto.» Nimesikia kimya upande wa pili, kisha, «Ee, muganga, karibu,» na baada ya hapo mazungumzo hufunguka. Mtu wa fedha akimwomba mkunga amkumbushe mama malipo «kwa kuwa unampigia tu», mkunga akatae. Siku moja ya kuchanganya mambo hayo mawili inatosha mtaa mzima usipokee tena.

Kwa mama wa kisiwa cha Idjwi au wa misitu ya Shabunda, ninadhani simu yenye faida kubwa zaidi ni ile ya muuguzi kwa daktari. Muuguzi wa kituo cha mbali ana mama mbele yake, anaweza kumgusa tumbo, kumpima presha na kumtazama kope kama zimepauka. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kama aanze dawa sasa au aandae mtumbwi. Daktari wa zamu mjini anaweza kujibu swali hilo kwa dakika tatu. Picha ya mshono wa upasuaji iliyotumwa kwa WhatsApp nayo husaidia, ikipigwa mchana karibu na mlango, bila uso wa mama, na ikifutwa baada ya kuonwa. Picha iliyopigwa usiku kwa mwanga wa tochi hufanya kila kidonda kionekane cha manjano, na sijui daktari anayeweza kuitolea uamuzi.

Gharama yenyewe haitishi. Ni unite, yaani salio la simu, na kampuni za simu huwa na utaratibu wa namba za kikundi zinazopigiana kwa bei nafuu. Kinachogharimu ni muda wa mkunga. Simu za ufuatiliaji zikiachwa zipigwe «mtu akipata nafasi», hazitapigwa, kwa sababu katika materinite nafasi hiyo haipatikani. Muuguzi mkuu wa kituo anapaswa kuiandika kwenye zamu, jina la mtu na saa, kama anavyoandika nani anasafisha vifaa. Kwa kituo kisichoweza kuwapigia wote, nianze na nani? Ningeanza na waliokuwa na presha, waliopasuliwa, waliotoka damu nyingi wakati wa kujifungua, wenye watoto wadogo sana, wasichana walio chini ya miaka kumi na minane, na wale waliokuja peke yao bila mtu wa kuwasindikiza.

Simu ya wiki ya sita ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa mama ana sababu nyingine ya kuja: mtoto anapaswa kuchanjwa. Siku ya CPS, yaani kliniki ya watoto wadogo, tunampima mtoto uzito, tunamchanja, tunaijaza kadi yake, na mama aliyembeba anaondoka bila kuulizwa chochote kuhusu mwili wake wala kuhusu uzazi wa mpango. Simu ya siku mbili kabla ingemwambia kwamba safari hii naye ataangaliwa. Katika kituo chetu kipimo cha presha kinakaa chumba cha wajawazito, upande wa pili wa ua. Kukihamishia kwenye meza ya chanjo kila siku ya CPS, na kumpa mtu mmoja jukumu la kukirudisha mchana, hakuhitaji mradi wala mfadhili, na nimewaomba wenzangu tuanze na hilo mwezi huu.